Kutoka Yadi 13 Hadi 297: Kisa cha Safu ya Mbele ya Michigan

Tarehe 7 Novemba 2020, ugenini Indiana, timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Michigan ilijaribu kukimbia na mpira mara 18 ikapata yadi 13. Nimeirudia hesabu hiyo nikidhani nimeisoma vibaya. Yadi 13 kwa mchezo mzima, wakati mkimbiaji mmoja mzuri hupata kiasi hicho kwa pumzi moja. Walifungwa 38-21.

Tarehe 27 Novemba 2021, nyumbani Ann Arbor, siku ya theluji, mbele ya watu zaidi ya 111,000, chuo hichohicho kilikimbia yadi 297 dhidi ya Ohio State, wapinzani waliokuwa wamewapiga mara nane mfululizo. Nusu ya pili ilipoanza walihitaji mikimbio mitatu tu kuvuka yadi 81: Blake Corum yadi 13, Corum tena 55, Hassan Haskins 13 hadi ndani. Haskins alimaliza siku na tachidauni tano, yaani mara tano aliufikisha mpira ndani ya eneo la mwisho la wapinzani, na ubao ukasomeka 42-27. Wiki chache baadaye safu ya mbele ya Michigan ilikuwa inatajwa kuwa bora kuliko zote nchini, ikapewa Tuzo ya Joe Moore, tuzo inayokwenda kwa kundi zima badala ya mchezaji mmoja.

Kati ya tarehe hizo mbili ni mwaka mmoja na siku ishirini. Kocha mkuu alibaki yuleyule, Jim Harbaugh, ila mkataba mpya ulimkata mshahara karibu nusu. Wengi wa wachezaji wa safu walikuwa tayari chuoni siku ile ya yadi 13. Kwa hiyo nini kilibadilika, tena ghafla namna hiyo?

Kwa asiyeufuatilia mchezo huu, kwanza kazi yenyewe. Safu ya mbele ni watu watano wanaosimama mbele ya kwotabeki, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi: senta katikati, gadi mmoja kila upande wake, na nje yao walinzi wawili wa pembeni. Senta ndiye pekee anayeugusa mpira, kwa kuupitisha nyuma katikati ya miguu yake. Baada ya hapo kazi ya wote watano ni kuwazuia watu: ama wamlinde kwotabeki anapotafuta wa kumpasia, ama wafungue njia kwa mkimbiaji. Aliyezoea raga aifikirie skramu, ila hapa hakuna kushikana mabega, na wanaokuja mbele yako wanabadilisha nafasi zao hadi sekunde ya mwisho kusudi wakuchanganye. Mmoja akikosea, kazi nzuri ya wanne waliobaki haionekani kabisa. Ndiyo maana safu ya mbele haipandi polepole kama joto la maji. Watano wakiwa sahihi asilimia tisini kila mmoja, bado karibu kila jaribio la pili kuna mtu amevuja. Wakifika tisini na saba, ghafla timu nzima inaonekana mpya, ingawa kila mtu ameongeza kidogo tu. Hesabu hiyo naiweka mapema kwa sababu inaeleza nusu ya neno “ghafla”.

Sasa turudi 2020. Safu ya 2019 ilikuwa na majina makubwa. Cesar Ruiz, senta, alichaguliwa na New Orleans raundi ya kwanza ya drafti ya NFL, yaani uteuzi ambapo timu za ligi ya kulipwa huchagua wachezaji wa vyuo, bora kwanza. Ben Bredeson alikwenda raundi ya nne, Michael Onwenu na Jon Runyan raundi ya sita. Wanne kwa mpigo, wote wakaondoka. Aliyebaki ni Jalen Mayfield, mlinzi wa pembeni wa kulia. Pengo hilo pekee lingetosha kuitikisa timu yoyote. Kisha ikaja korona.

Watu hulitaja janga lile kama kisingizio cha kila kitu, lakini kwa safu ya mbele lilikuwa na maana yake maalumu. Vyuo huruhusiwa mazoezi 15 ya majira ya kuchipua. Mwaka 2020 Michigan hawakufanya hata moja. Mwezi Agosti ligi ya Big Ten ikatangaza kuahirisha msimu, halafu ikabadili uamuzi, na mpira ukaanza mwishoni mwa Oktoba. Mkimbiaji anaweza kufanya mazoezi peke yake kwenye uwanja wa shule ya mtaani. Kwotabeki anaweza kumtafuta rafiki wa kumtupia mpira. Safu ya mbele haiwezi kujifunza ikiwa watano hawako pamoja, maana kinachojifunzwa ni mwenzako. Hilo nitalionyesha kwa karibu muda si mrefu.

Wakaanza msimu na Ryan Hayes kushoto, Chuck Filiaga gadi, Andrew Vastardis senta, Andrew Stueber gadi wa kulia, Mayfield pembeni kulia. Wakaipiga Minnesota 49-24 na watu wakafurahi mapema. Baada ya michezo miwili tu Hayes na Mayfield, walinzi wote wawili wa pembeni, wakawa nje kwa majeraha. Stueber akasukumwa nje kushika nafasi ya Mayfield. Karsen Barnhart akaingia kushoto. Nafasi ya gadi wa kulia ikaenda kwa Zak Zinter, kijana wa mwaka wa kwanza kutoka Massachusetts aliyefika chuoni miezi michache nyuma. Watu watatu kati ya watano wako mahali pasipo pao, na ndipo wakakutana na Indiana. Yadi 13. Wiki iliyofuata Wisconsin wakawapiga 49-11 hapohapo nyumbani. Msimu ulikatika kwa ushindi mbili na vipigo vinne, na wastani wa yadi 131 za kukimbia kwa mchezo.

Maelezo ya kwanza ambayo kila mtu huyatoa ni kocha. Ed Warinner, mzoefu wa kazi ile, aliondoka mwanzoni mwa 2021, na Harbaugh akampa safu Sherrone Moore, aliyekuwa akiwafundisha taiti endi, wale wanaosimama ukingoni mwa safu wakizuia na pia kupokea pasi, pale pale Michigan tangu 2018. Moore mwenyewe alicheza gadi Oklahoma, lakini hakuwa amewahi kuisimamia safu ya timu kubwa. Mwaka wake wa kwanza, tuzo. Mwaka wa pili, tuzo tena, na hakuna chuo kilichowahi kuishinda mara mbili mfululizo kabla yao. Ni rahisi kusema basi ni yeye.

Simnyimi haki yake. Ila ukimpa yote, utashindwa kueleza miezi miwili ya mwanzo ya msimu wa 2021. Wiki ya pili ya msimu, kocha yuleyule, walikimbia yadi 343 dhidi ya Washington. Wiki mbili mbele walihangaika na Rutgers hadi wakaponea 20-13, nusu ya pili ushambuliaji umekauka. Mwisho wa Oktoba walipoteza kwa Michigan State 37-33. Mbegu ilikuwa bado inaota. Kocha mpya angekuwa ndiye sababu kuu, ningetarajia kuona mabadiliko yakija mara moja na kubaki, au yasije kabisa. Tulichoona ni safu iliyokuwa ikijengeka wiki kwa wiki, na ikafika kileleni mwezi wa mwisho.

Maelezo ya pili ni vipaji, na haya ndiyo nayakataa kwa nguvu zaidi. Weka safu ya 2019 kando ya ile ya 2021. Ya 2019: watu watano, wote watano walichaguliwa kwenye drafti, mmoja raundi ya kwanza, na Mayfield mwaka uliofuata raundi ya tatu. Ya 2021: Zinter raundi ya tatu na Trevor Keegan raundi ya tano, hao baada ya kukaa chuoni miaka mingine miwili, Hayes na Stueber raundi ya saba, mlango wa mwisho, Vastardis hakuchaguliwa kabisa. Skauti wa NFL wanaolipwa kupima miili na miguu waliiona safu ya 2019 kuwa na watu bora, mmoja mmoja. Safu hiyo ilimaliza msimu wake wa kawaida kwa kupigwa 56-27 na Ohio State ileile.

Nampenda sana Vastardis katika kisa hiki. Alifika 2016 bila ufadhili wa masomo, yaani kwa hiari yake, akilipa karo kama mwanafunzi mwingine yeyote na kuomba nafasi ya kufanya mazoezi. Mwaka 2021 ulikuwa wa sita kwake, na wenzake wakamchagua awe mmoja wa manahodha. Stueber alikuwa mwaka wa tano. Aliumia goti vibaya kabla ya msimu wa 2019 na kuukosa wote, kwa hiyo 2020 alikuwa bado anajifunza upya kuuamini mguu wake. Hayes, mwaka wa nne, alikuwa taiti endi sekondari, kijana mrefu mwembamba ambaye ilibidi apikwe upya: miaka ya kula, vyuma na usingizi hadi mwili ukafika pale kazi inapotaka. Keegan mwaka wa tatu, Zinter wa pili. Jumlisha: miaka 20 ya kuwa ndani ya programu moja, wastani wa miaka minne kwa kila mtu. Mwili wa mtu mwenye umri wa miaka 22 na ule wa miaka 19 haviko daraja moja katika kazi hii, hata kama mizani inasoma kilo zilezile. Sehemu kubwa ya “ghafla” ilikuwa imehifadhiwa ndani ya miili hiyo, ikisubiri afya na muda.

Lakini miili haitoshi, na hapa ndipo ninapotaka msomaji asogee karibu.

Chukua jaribio la kawaida kabisa la kukimbia katikati. Mbele ya senta, kidogo upande wa kulia, amesimama mpinzani wa kilo 140. Vastardis anatoa mpira. Zinter, upande wake wa kulia, anapiga hatua ya kwanza fupi, kama shubiri moja tu, mguu wa ndani, asije akajikwaa kwa senta. Wanakutana wote wawili juu ya mtu mmoja, nyonga kwa nyonga, pasipite hata mwanga katikati yao. Wanamwinua kidogo, anapoteza ardhi, wanamrudisha nyuma. Wakati huo macho yao hayamtazami yeye. Yanamtazama mlinzi wa mstari wa pili wa wapinzani, yadi nne nyuma, ambaye bado hajaamua apitie wapi. Akienda kushoto, senta anamwachia Zinter yule mzito na kumkimbilia. Akienda kulia, Zinter ndiye anayetoka na senta anabaki na mzigo. Hakuna nafasi ya kuambizana. Senta anajua kwamba Zinter anatoka kwa sababu shinikizo kwenye bega lake limepungua, basi. Ukitoka mapema, yule mzito anachomoka na mkimbiaji anakufa palepale. Ukichelewa, mlinzi wa pili amekwisha kuliziba tundu. Tofauti ya mapema na kuchelewa ni chini ya sekunde moja.

Ujuzi huo hauko kwenye kitabu cha mbinu chochote. Unakaa kwenye bega. Na bega la Vastardis lilijifunza uzito wa Zinter kwa mamia ya marudio ya majira ya kuchipua na ya kiangazi 2021, mazoezi yale 15 ambayo mwaka uliotangulia hayakuwepo na kambi kamili iliyofuata. Wakati huo nafasi ya kila mtu ilijulikana: Hayes na Keegan kushoto, Vastardis, Zinter na Stueber kulia. Mtu akiumia, Filiaga au Barnhart anaingia, na hao nao walikwisha kupikwa kwenye moto wa 2020. Zinter aliyerushwa majini kabla hajajua kuogelea, sasa alikuwa mwogeleaji. Msimu ule wa aibu ulikuwa karo, na walioilipa bado walikuwa darasani.

Ndiyo sababu yangu ya kwanza: muda pamoja. Ya pili naiweka kwa Moore na benchi, lakini kwa jambo mahsusi kuliko “hamasa”. Michigan ya 2021 iliamua itakuwa timu ya kukimbia, ikakaa humo. Walikuwa na wakimbiaji wawili wa tabia tofauti, Haskins wa kusukuma na Corum wa kupenya, wakawapokezana mwaka mzima: Haskins akamaliza na yadi 1,327 na tachidauni 20, Corum na yadi 952. Wakaweka taiti endi wengi uwanjani, akiwemo Joel Honigford, aliyekuwa mchezaji wa safu ya mbele akapewa jezi namba 84 ili awe mzuiaji wa ziada. Gadi alitolewa upande mmoja akazunguka kwenda kupiga upande mwingine, taiti endi akimfuata nyuma, na ulinzi uliokuwa ukisoma hatua za kwanza za mkimbiaji ukajikuta umetazama kusini wakati kazi iko kaskazini. Mchezaji wa safu anapenda kukimbiwa nyuma yake. Kulinda kwotabeki ni kurudi kinyumenyume ukingoja kushambuliwa. Kufungua njia ni wewe kushambulia. Ukimwambia mtu wa kilo 140 kwamba leo tutampitia mwenzake mara arobaini, anaamka mapema. Hiyo nayo inaongeza asilimia mbili tatu kwa kila mtu, na tumeona asilimia hizo zinavyozaa zikizidishwa mara tano. Wastani ukapanda hadi zaidi ya yadi 210 kwa mchezo.

Safu hiyo ilikuwa na dari yake pia, na haki ya kisa inanitaka niseme. Tarehe 31 Desemba 2021, kwenye Orange Bowl, mchezo wa nusu fainali ya ubingwa wa taifa, Georgia waliwapiga 34-11 na mbio hazikufika yadi 100. Ulinzi ule wa Georgia ulitoa wachezaji watano wa raundi ya kwanza ya drafti iliyofuata. Kuelewana kwa mabega kunafuta pengo la vipaji hadi mahali fulani. Mbele ya watu wa aina ile, hatua ya shubiri moja inakuwa imechelewa tayari.

Mashabiki wa wapinzani wana hoja yao, na si ya kupuuzwa. Connor Stalions, mfanyakazi wa benchi la Michigan, alijenga mtandao wa kwenda kurekodi ishara za makocha wa timu nyingine, jambo lililokatazwa, na adhabu za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, zilikuja 2025. Kujua mwenzako anakuja na ulinzi gani ni msaada kwa safu yoyote, sitadai vinginevyo. Lakini Stalions alijiuzulu mwanzoni mwa Novemba 2023. Tarehe 11 mwezi huohuo Michigan walikwenda kwa Penn State, Harbaugh amefungiwa siku moja kabla, Moore ameshika usukani. Wakamaliza mchezo kwa kukimbia mara 32 mfululizo. Katika nusu ya pili yote hawakuandikiwa pasi hata moja. Uwanja mzima ulijua kinachokuja, Penn State walijua kinachokuja, na wakashindwa kukizuia, 24-15. Hapo siri ya kuibiwa haikuwepo. Waliimba wimbo wao kwa sauti.

Kinachonishawishi zaidi ni vile ujuzi ulivyorithishwa. Vastardis na Stueber walipomaliza, 2022, Olusegun Oluwatimi alihamia kutoka Virginia akashika usenta, na mwaka huohuo akanyakua tuzo mbili kubwa za wachezaji wa mbele, Outland na Rimington. Alikuta kulia kwake Zinter na kushoto Keegan, watu waliojua tayari. Mgeni mmoja kati ya wenyeji wanne hujifunza haraka. Walikimbia yadi 418 dhidi ya Penn State mwezi Oktoba. Linganisha na 2024, baada ya ubingwa wa taifa, wachezaji sita waliokuwa wakibeba safu walipoondoka kwa pamoja. Jezi zilikuwa zilezile, jengo lilelile, Moore wakati huo akiwa kocha mkuu, na timu ikamaliza na vipigo vitano. Wageni watano hawana wa kuwafundisha uzito wa bega.

Mchezo mmoja naurudia kuuangalia kuliko hata ule wa theluji. Tarehe 25 Novemba 2023, Ohio State tena, Ann Arbor tena, robo ya tatu. Zinter, sasa nahodha, anaanguka na mguu umevunjika. Wanamweka juu ya kigari, wenzake wote wanatoka benchi kumzunguka, uwanja umenyamaza. Gadi wa kulia hayupo. Barnhart, yuleyule aliyetupwa kushoto dhidi ya Indiana siku ya yadi 13, anasogea hatua moja ndani kushika nafasi ya Zinter. Trente Jones anaingia pembeni kulia. Mpira unatolewa, senta na Barnhart wanasogea, na Corum anakata katikati, yadi 22, hadi ndani. Zinter alikuwa bado hajafika hospitali.